Debora wa Kiriba anamngoja mwanawe akae

Saa mbili asubuhi, ufukweni mwa ziwa, Kiriba, jua limeshaanza kuchoma mabega. Debora Ephraim anamwaga ndoo ya dagaa juu ya chanja ya kuanikia na kuwatandaza kwa viganja vyote viwili, haraka haraka, kabla ndege hawajajipanga. Mgongoni amembeba mwanawe wa kwanza, Baltazar, mwenye umri wa miezi sita na wiki mbili.

Ghafla anawaacha dagaa. Anafuta mikono kwenye kanga, anamfungua mtoto na kumlaza juu ya gunia tupu chini ya mwavuli. Kisha anapiga kofi moja karibu na sikio lake la kushoto. Mtoto anageuza macho. Debora anahamia upande wa kulia, anapiga tena. Mtoto anageuza tena.

"Amesikia," anasema, na kushusha pumzi.

Haipiti saa nzima anarudia yale yale. Mpaka saa sita mchana mwandishi wa makala haya amehesabu mara tano, na pengine kuna mara alizokosa kwa sababu alikuwa akipigana na inzi.

"Huyu atamtoboa mtoto masikio!" anatania Bhoke, mwanikaji wa chanja ya jirani. "Akikua atakuwa anakimbia makofi ya kwaya." Wanawake wanacheka. Debora naye anacheka, ila macho yake yako kwa mtoto.

Hataki utani wa Bhoke ukome. Anasema bora wacheke kuliko wanyamaze, maana akiwa nyumbani peke yake kwenye ukimya, ndipo mawazo humjia. Anachokiogopa anakitaja bila kuzunguka: anaogopa kwamba mwanawe aliumia siku ya kuzaliwa, na kwamba kuumia huko bado hakujaonekana chote.

Debora ana miaka 23. Alizaliwa Kiabakari, kando ya barabara kuu ya Musoma, kwenye familia ya wakulima. Hakuwa amewahi kushika dagaa mbichi mpaka alipoolewa na Masatu, mvuvi wa Kiriba, miaka miwili iliyopita. "Wiki ya kwanza nilitapika," anakumbuka. "Mama mkwe akasema, huyu ndiye wa kwangu kweli? Siku hizi hata harufu siisikiagi."

Analipwa kwa chanja. Kuanika, kugeuza na kuanua chanja moja ni shilingi 1,500, na siku nzuri hufikisha chanja nne. Siku nzuri haziji ovyo. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hushinda pale tu ambapo mwezi haupo, kipindi ambacho watu wa huku hukiita giza. Giza likiingia, mitumbwi hutoka na wanawake ufukweni hupata kazi. Mwezi ukijaa, kila mtu hukaa kwake.

Ni giza hilo lililomchelewesha.

Mwezi wa pili mwaka huu, nesi wa zahanati ya kijiji, Rhobi, alimwandikia Debora kwenye kadi ya kliniki kwamba asijifungulie kijijini. Mimba ya kwanza, mwili mdogo. Alimtaka aende mjini wiki mbili kabla ya tarehe, akae karibu na hospitali. Debora ana shangazi Bweri, pembeni kidogo ya mji wa Musoma, aliyekuwa ameshamwandalia kitanda.

"Nilimwambia nesi sawa," anasema Debora. "Lakini giza ilikuwa imeingia, na dagaa ilikuwa nyingi ajabu. Nikasema nimalize hii giza, nipate za kununulia vitu vya mtoto, halafu niende. Jamani, nilijiona mjanja."

Uchungu ulimshika asubuhi, siku nne kabla ya siku aliyopanga kusafiri. Masatu alikuwa kambini kisiwani. Nyumbani alikuwapo mama mkwe wake, Dafroza, mjane wa miaka 61 aliyezaa watoto saba, wote juu ya ngozi ya ng'ombe, kama anavyopenda kusema.

Dafroza alifanya alichofanyiwa yeye na mama mkwe wake, na mama mkwe wake alichofanyiwa na wa kwake. Alichemsha mizizi, akachuja, akachanganya kikombe kimoja na uji wa mtama. Nyumba nyingi za huku zinaijua dawa hiyo. Huitwa tu dawa ya uchungu, na kazi yake, wanavyoamini, ni kuharakisha njia ili mwanamke asiteseke siku nzima.

"Sikumpa kwa ubaya," anasema Dafroza. "Ile dawa nimeinywa mara saba. Ningekuwa najua ina hatari, ningempa mtoto wa mwenzangu?"

Kilichobaki alikitia kwenye chupa ndogo ya maji ya dukani, nusu chupa hivi, akamwekea Debora kwenye mkoba wenye kanga za kujifungulia. Maagizo yalikuwa mafupi. Uchungu ukipoa njiani, anywe kifuniko kimoja. Usipopoa, asiguse.

Wakaenda zahanati kwa bodaboda, Debora katikati, Dafroza nyuma akimshikilia kiuno. Nesi Rhobi alimpima akakuta njia imefunguka sentimita tatu tu. Akawaambia ukweli: uzazi wa kwanza hauna haraka, inaweza kufika jioni, inaweza kufika kesho. Akaanza kupiga simu kutafuta gari la wagonjwa ili Debora apelekwe Musoma taratibu, bila presha.

Hapo ndipo Debora huwa anakata simulizi. Kwa miezi sita amekuwa akiieleza siku ile kwa kuruka kutoka kwenye simu ya nesi mpaka kwenye maumivu. Hata kwa mwandishi huyu aliruka hivyo mara ya kwanza, siku ya Jumanne. Katikati tutarudi, kwa sababu yeye mwenyewe alirudi.

Kufikia saa saba mchana uchungu haukuwa tena wa kuja na kuondoka. Tumbo lilikaza likabaki limekaza. "Nilikuwa sipati nafasi ya kuvuta hewa," anasema. "Nikawa nang'ata kanga. Kwetu tulikuwaga tunaambiwa mwanamke akipiga kelele, anamtisha mtoto."

Nesi Rhobi aliweka kipimo tumboni kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Alisikiliza, akasogeza, akasikiliza tena. Debora anasema alikuwa akiuangalia uso wa nesi tu.

"Mapigo yalikuwa yanashuka," anasimulia Rhobi, ambaye ana miaka kumi na mmoja kazini. "Na ule uchungu haukuwa wa kawaida kwa mtu wa sentimita tatu. Nikamuuliza, mdogo wangu, umekunywa dawa yoyote ya kienyeji? Akasema hapana. Nikamuuliza tena. Akasema, nesi, naapa."

Kwa nini alikana? Debora haoni swali hilo kuwa gumu. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Nimtaje mama mbele ya nesi? Halafu nirudi nyumba gani?" anauliza. "Wewe dada umeolewa, unajua. Mkwe hatajwi. Bora nife na mambo yangu."

Mwandishi ameolewa, na anajua. Mwaka aliojifungua yeye, naye alikunywa kitu kwenye kikombe cha bati bila kuuliza ni nini. Mungu alimsitiri, basi.

Gari lilifika saa nane kasorobo. Barabara ilikuwa imenyeshewa siku mbili mfululizo, na dereva alikuwa akikwepa madimbwi kama anayekwepa nyoka. Nyuma walikaa watatu: Debora amelala ubavu, Rhobi amemshika mkono, Dafroza amekumbatia mkoba. Rhobi aliuliza kwa mara ya tatu, na safari hii hakumwangalia Debora. Alimwangalia yule mama.

"Akasema hivi," Rhobi anakumbuka. "Nesi, mimi ndiye nimempa. Usimuulize huyu, niulize mimi. Nikamuuliza, kiasi gani? Akasema, nyingi. Nimempa nyingi."

Rhobi alipiga simu hospitali papo hapo. Walipofika, chumba cha upasuaji kilikuwa tayari. Anaamini simu hiyo iliokoa dakika ambazo mtoto hakuwa nazo.

Debora alichomwa sindano ya mgongo, kwa hiyo alikuwa macho. Hakuona kitu, waliziba kwa shuka la kijani. Alihisi kuvutwa, akasikia vyuma, akasikia mtu anasema "huyu hapa". Kisha akangoja kilio.

"Nikaanza kuhesabu," anasema. "Sijui kwa nini. Moja, mbili, tatu. Nikasikia wanasugua, wanaitana, mmoja anasema hewa, hewa. Mimi nahesabu tu. Nilifika mia moja sitini na kitu. Hapo nikaacha kuhesabu nikaanza kumwambia Mungu anichukue mimi."

Alikuja kulia. Sauti ndogo, kama ya paka aliyefungiwa stoo, anasema mama yake. Mara moja, akanyamaza. Mara ya pili ikawa ndefu kidogo.

Siku tisa mtoto alilala kwenye chumba cha watoto wachanga, akilishwa kwa mrija. Debora alikamua maziwa kwenye kikombe kidogo na kuyapeleka akiwa ameinama kwa kidonda cha upasuaji. Kina mama wengine wodini walikuwa wanabadilishana majina ya watoto na kuchekeana. Yeye alikuwa hachangii.

"Watu wakinipongeza, hongera mama, mimi sikujiona mama," anasema. "Nilijiona mshitakiwa."

Siku ya kuruhusiwa, daktari aliwaeleza bila kuwatisha na bila kuwadanganya. Mtoto alikosa hewa. Wengine wakikosa hivyo hukua vizuri, hutasema walipitia lolote. Wengine huchelewa, na wengine hubaki na tatizo. Hakuna kipimo cha kusema leo. Ni kumwangalia: atakaza shingo lini, atacheka lini, atageukia sauti, atakaa lini, mikono yote miwili itashika sawa? Akawapa tarehe za kurudi.

Kwa hiyo Debora anaangalia. Na anayeangalia sana huona mengi. Shingo ya Baltazar ilikaza miezi minne na nusu, wakati ya mtoto wa Bhoke ilikaza mapema zaidi. Anacheka, tena anacheka sana. Anageukia sauti, hilo tumeshaliona. Lakini mkono wa kushoto mara nyingi huwa ngumi, kidole gumba kimefichwa ndani. Na hajakaa. Akiwekwa kati ya mito anakaa kidogo, kisha anaanza kuinamia kushoto polepole mpaka anadondoka.

"Kila siku kushoto," anasema mama yake. "Angekuwa anadondoka hata kulia siku moja, ningelala."

Mwandishi alimuuliza nesi Rhobi kama mtoto yuko salama. "Siwezi kusema yuko salama, siwezi kusema hayuko," akajibu. "Na hata hiyo dawa, hakuna anayeweza kuapa kwamba ndiyo peke yake. Ninachojua, nikiambiwa mapema nafanya kazi yangu mapema. Wanawake wetu wanaficha kwa heshima, na heshima haipumui badala ya mtoto."

Jumatatu ijayo ndiyo siku ya kliniki ya miezi saba, na ndiyo hasa inayomnyima Debora usingizi. Daktari amesema siku hiyo atampima Baltazar kwa makini na kuamua kama aanze mazoezi ya viungo. Atauliza pia, kwa mara nyingine, historia yote ya siku ile.

Historia hiyo ina mtu aliyeilipia kuliko wote. Masatu aliporudi kutoka kisiwani na kusikia mama yake amekiri, alibadilika. Hakumpiga wala kumtukana, mtu wa heshima yake. Alisema sentensi moja: mama asimbebe mtoto wangu. Tangu mwezi wa tatu, bibi huyu anaishi hatua ishirini kutoka kwa mjukuu mwenye jina la marehemu mume wake, na hajawahi kumfunga mgongoni. Anapika uji, anauacha mlangoni. Anafua nepi. Wanawake waliokuwa wakimfuata kwa ushauri wa uzazi hupita mbali, na kanisani, anasema Bhoke, benchi lake limekuwa na nafasi.

Mwandishi alirudi Kiriba Alhamisi mchana ili kuzungumza na Dafroza. Mama huyo alikuwa amekaa nje ya nyumba yake akichambua dagaa, akiondoa furu, visamaki vingine vya ziwani, na mchanga. Debora alikuwa jamvini upande wa pili wa ungo, anasaidia. Baltazar alikuwa amelala kati ya mito, upande wa mama yake.

Dafroza aliulizwa swali la kawaida tu: je, siku hizi bado anachemsha ile mizizi?

"Nilikwisha acha," akasema. "Nimeitupa hata sufuria yake. Diana wangu ana mimba ya miezi saba." Diana ni binti yake wa mwisho, ameolewa Bunda. "Amenipigia simu, mama nitumie dawa. Nikamwambia dawa yako ni nauli, nenda hospitali mapema ukakae. Akanikasirikia. Nikasema kasirika."

Akaendelea kuchambua. Kisha akaongeza, bila kuinua kichwa, "Mimi nimemuumiza mjukuu wangu. Sasa nitampa tena mwingine?"

Debora akaacha mikono ndani ya ungo.

"Mama," akasema. "Siyo wewe."

Dafroza alirusha furu mmoja pembeni.

"Mama, ulinipa kikombe kimoja. Ile ya kwenye chupa nilikunywa mimi." Alikuwa anazungumza akiwatazama dagaa. "Nesi aliposema inaweza kufika kesho, niliogopa. Niliogopa kuzalia kwenye tope, barabarani, usiku. Nikaificha chupa kwenye kanga, nikaomba kwenda chooni. Nikazunguka nyuma ya zahanati, nikainywa yote, nikairudisha chupa mkobani. Uliniambia kifuniko kimoja, nikanywa yote. Nilifikiri nitamaliza haraka."

Kisha akalia. Kile kilio alichokibana siku ya kujifungua asije akamtisha mtoto, alikitoa sasa, na mtoto akaamka akaanza kulia naye. Mwandishi alifunga daftari. Kuna mambo hata gazeti linapaswa kuyageuzia mgongo kwa dakika kadhaa.

Dafroza alijifuta mikono kwenye gauni. Aliongea pole pole, kama mtu anayemweleza mtoto habari za hesabu.

"Nilikuwa najua," akasema. "Ile chupa nilikuja kuiosha mimi. Nilifungua mkoba kwenye gari nitoe kanga, nikaikuta tupu. Ndiyo maana nesi aliponiuliza kiasi gani, nikasema nyingi."

Debora aliinua uso. "Ulijua? Miezi sita yote?"

"Nilijua."

"Na Masatu amekufanyia hivi, na wewe umenyamaza?"

"Hasira ya Masatu naijua tangu anatambaa. Mimi ni mama yake, hawezi kuniacha. Wewe ungeiweza, na kidonda tumboni, na mtoto kwenye mrija? Angekurudisha Kiabakari na kovu mbichi." Akavuta ungo karibu. "Na dawa ni yangu. Nisingeichemsha, ungeinywa wapi?"

Baltazar alikuwa analia kwa sauti kubwa, sauti ya mtoto mwenye mapafu yake yote, na hakuna aliyemkataza.

Mwandishi aliuliza kama haya yanaweza kuandikwa. Alitegemea kuambiwa hapana, na angeelewa. Dafroza ndiye aliyejibu kwanza. "Andika. Jina langu liandike lilivyo. Kuna mkwe mwingine hapa Kiriba au huko Butiama amesimama mlangoni sasa hivi na chupa." Debora alifikiri zaidi. Kisha naye akakubali, ila kwa sharti moja: makala yasitoke kabla ya Jumapili.

Jumamosi mwezi utakuwa umekua kuzishinda taa. Mitumbwi itapumzika na Masatu atakuwa nyumbani. Debora hajui mume wake atasemaje. Anasema anamwogopa kuliko anavyomwogopa daktari. Ameshapanga mpaka mahali pa kukaa: ndani, mchana, kabla Masatu hajala, kwa sababu akishashiba husinzia na hatataka kuamka na habari kama hiyo.

"Nataka asikie kwa mdomo wangu, siyo kwenye gazeti," anasema. "Anirudishe Kiabakari au asinirudishe, nitasema. Na daktari akiniuliza kiasi gani, nitamwambia nusu chupa."

Baada ya hapo mipango yake inakuwa mifupi na ya kawaida. Mazoezi ya viungo yakihitajika, atakaa kwa shangazi Bweri hata mwezi mzima, dagaa watasubiri giza jingine. Kama hayahitajiki, atarudi chanjani giza likiingia.

"Jumatatu tutaondoka mapema, wote wanne," anasema, huku akimwinua Baltazar kutoka kwenye mito na kumnyamazisha begani. "Mtoto atabebwa na bibi yake."